Mjane wa Kutabaka: Yaaba Asodanu, 1938–2022

Tarehe 1 Februari 1964, siku Mto Suriname ulipofungwa kwa ukuta wa bwawa, Yaaba Asodanu alikuwa na siku sabini na nne tangu afiwe na mumewe, na mimba ya miezi saba.

Alizaliwa Alhamisi, tarehe 12 Mei 1938, katika kijiji cha Kutabaka, mtoto wa pili wa Mama Adjeni. Jina Yaaba ni la waliozaliwa siku hiyo. Kutabaka ilianzishwa na Wasaramaka, watu waliotoroka utumwa kwenye mashamba ya miwa, wakaukwea mto hadi mahali ambapo askari waliowafuata walishindwa na maporomoko.

Alisoma shule ya misheni kwa miaka miwili, 1946 hadi 1948. Siku moja mwalimu, Mholanzi kama watawala wetu wa wakati huo, aliuliza mto mrefu kuliko yote nchini Uholanzi. Yaaba akajibu kwamba ni Suriname. Alipoambiwa amekosea alisema, “Mwalimu, huo wa kwenu nani hapa amewahi kuunywa?” Alichapwa fimbo tatu. Hakujutia jibu lake hata uzeeni.

Kazi yake ilikuwa kilimo: mpunga, karanga na mihogo ya mikate. Alipohama Kutabaka alibeba aina nne za mbegu za mpunga ndani ya chupa. Bibi zake wa zamani walitoroka na mbegu zimefichwa kwenye misuko ya nywele. Yeye hakuweza kufanya hivyo, kwa sababu mjane wa Kisaramaka hasuki nywele mpaka matanga yaanuliwe.

Aliolewa na Anikel Pansaini mwaka 1959. Tarehe 19 Novemba 1963 Anikel aliangukiwa na mti akifyeka shamba, akafa papo hapo. Alizikwa Kutabaka. Kwa desturi, baada ya mwaka mmoja ukoo hurudi kaburini, humwaga rumu na kumuaga marehemu, na hapo ndipo mjane huvuliwa kitambaa cha matanga na kusukwa.

Mwezi Desemba maofisa wa bwawa walikuja kupaka miti alama nyekundu kuonyesha maji yatakapofika. Alama moja waliiweka kwenye mti mrefu uliokuwa kichwani mwa kaburi la Anikel, juu kuliko mtu anavyoweza kufika bila ngazi. Mjomba wake Yaaba, Seedo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Aliwatazama wakipaka, akasema, “Rangi nzuri, bwana. Ukimaliza miti, njoo unipakie na mlango.” Kijiji kizima kilicheka.

Yaaba hakucheka. Alimwomba mjomba matanga yaanuliwe mapema, kabla ya maji. Seedo alikataa. Alisema mto huu uliwazuia wazungu miaka mia, leo mzungu atauzuiaje? Kisha akasema, “Maiti haharakishwi kwa sababu ya rangi, mwanangu.” Mpwa habishani na mjomba wake.

Binti yake, Emelina, alizaliwa tarehe 30 Machi 1964. Mwezi Mei maji yalifika makaburini. Yaaba alikuwa kwenye mtumbwi, mtoto kifuani, kibanda kilichojengwa juu ya kaburi la Anikel kilipong’oka na kuelea. Seedo alikuwa kwenye mtumbwi huohuo.

Wanakijiji walihamishiwa hapa, kwenye kijiji kipya chenye nyumba za mbao zilizopangwa mistari kama kambi. Mwaka uliofuata ukoo ulimwaga rumu ufukweni mwa ziwa la bwawa, wakamwambia avue kitambaa. Alikataa. “Rumu mmeyamwagia maji,” alisema. “Anikel hamjamwagia.” Seedo alikuja kumwomba radhi mwaka 1970, miezi miwili kabla ya kufa. Yaaba alimpikia, akamsikiliza, akamwambia, “Mjomba, kula, wali unapoa.” Wanaume wawili walimposa. Aliwajibu kwamba yeye ni mke wa mtu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alisafishwa damu mjini mara tatu kwa wiki, kisha mwezi Agosti mwaka huu akaomba arudishwe. Alifariki hapa nyumbani tarehe 3 Oktoba 2022, saa tisa alasiri, akiwa na miaka themanini na minne. Nywele zake hazikuwa zimesukwa kwa miaka hamsini na minane.

Aliacha ombi moja. Mtu akifia ugenini, nywele na kucha zake hupelekwa kwao kuzikwa. Alitaka zake zipelekwe Kutabaka. Mkuu wa kijiji, Kabiteni Wanze, alipinga mbele ya baraza. Alisema kila mzee atadai hivyohivyo. “Tukimkubalia, tumekiri kwamba hapa si kwetu.”

Emelina alimjibu, “Kabiteni, umeme wa bwawa unapita juu ya vichwa vyetu kwenda mjini. Wewe unawasha taa ya mafuta. Nani alikuambia hapa ni kwetu?”

Kabiteni aliagiza marehemu aulizwe mwenyewe, kwa desturi: jeneza huwaongoza wanaolibeba. Jana asubuhi jeneza lilibebwa kichwani na wanaume wawili, likaulizwa kama Yaaba amefia kwao au ugenini. Lilisimama kidogo, likageuka, likaenda moja kwa moja hadi gatini, kuelekea ziwa lililoimeza Kutabaka. Wabebaji ni wajukuu zake na walijua alilotaka. Kabiteni naye alilijua hilo alipowachagua.

Marehemu ameacha binti mmoja, Emelina; mdogo wa marehemu, Bernadus; wajukuu wanne na vitukuu tisa. Leo asubuhi, kabla jeneza halijapigiliwa misumari, Emelina alimkata mama yake nywele kidogo na kucha. Nywele zilizobaki alizisuka.

Yaaba apumzike, na Anikel apumzike pamoja naye.

Kesho, tarehe 12 Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, boti itaondoka gatini. Itasimama penye kilele cha mti mkavu kinachotokeza juu ya ziwa, ule mti uliopakwa alama, ambao Yaaba alimwonyesha binti yake mwaka 1971. Rumu itamwagwa kwa jina la Anikel. Kisha kibuyu chenye nywele na kucha, kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa cha matanga na kutiwa jiwe, kitateremshwa kwa kamba mpaka kiguse chini.