Harufu ya Dizeli

Katika basi la Newala kwenda Masasi, mama mmoja alimwambia abiria mwenzake kwamba tangi la dizeli la mashine yao ya kusaga lilivuja taratibu, likaharibu kisima chao cha maji ya mvua. Bima ya nyumba imekataa kulipa.

“Wanasema nimechelewa kutoa taarifa, kaka. Waliniuliza nilianza lini kusikia harufu. Nikasema miezi miwili.”

“Ungesema juzi, dada. Nani angejua?” Nami, msikilizaji nisiyealikwa, nilikubaliana naye.

“Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akisaga. Alinuka dizeli miaka yote ya ndoa yetu. Harufu iliporudi, sikutafuta inatoka wapi. Nilifunga madirisha isitoke.”

“Hilo uliwaambia?”

“Ningeliandika wapi kwenye fomu?”

Basi likasimama stendi. Yule kaka alimshushia madumu yake matupu ya maji.