Komredi Aliyeomba Kura Kila Muhula

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha falsafa ya siasa chuoni kwetu, Komredi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na wanafunzi, akalikubali kwa sharti moja: mkuu wa chuo naye aitwe hivyo hivyo. Mkuu alikataa.

Alikuja kwetu akiwa kijana, ametoka kifungoni alikotiwa kwa sababu ya kitabu chake. Aliandika kwamba mamlaka yasiyoweza kuondolewa kwa amani si mamlaka, ni mazoea mabaya. Kitabu kilipigwa marufuku. Leo kinatungiwa maswali ya mtihani, naye husema adhabu hii ya pili ndiyo kali zaidi.

Wengine huandika mapinduzi. Yeye aliyaingiza darasani, katika chumba namba tisa. Kila muhula, siku ya kwanza, aliwaomba wanafunzi wapige kura kama afundishe au la, kisha akaugeukia ubao asije akajua nani kampinga. Safari moja alishindwa. Tulidhani atanuna. Wapi! Alichukua kiti cha nyuma, akasikiliza muhula mzima huku binti mmoja mwenye ulimi mkali, chaguo la wenzake, akiongoza darasa. Komredi alimbana binti huyo kwa maswali mpaka jasho likamtoka.

Hata nyumbani demokrasia ilimtesa. Shemeji yetu, mkewe, anasema watoto waliungana mapema, na baba hajawahi kushinda kura ya televisheni.

Ila mwaka huu utani ulimwisha. Bodi ilitangaza kwamba somo lake litafutwa akiondoka, asipopatikana mrithi, na hadi hapo hakuna mhadhiri aliyekuwa amekubali kupigiwa kura na wanafunzi. Komredi hakulalamika kwa mtu, lakini alikonda. Iliniuma sana kumwona akipita kwenye korido bila kubishana na yeyote.

Ndipo akajitokeza yule binti, ambaye sasa ni mhadhiri mwenzetu. Wiki iliyopita alisimama mbele ya darasa, akaomba kura ya muhula ujao, akaugeukia ubao. Komredi alialikwa kupiga kura pamoja na wanafunzi. Mikono ya kumkubali ilijaa chumba kizima. Walipoulizwa wanaopinga, mkono mmoja tu ulinyooshwa: wa Komredi. Minong'ono ilizagaa hata binti akageuka kabla ya wakati, akamwona.

Komredi alisimama, akaeleza kwamba anampenda kama mwanawe wa kumzaa, na kwa sababu hiyo hawezi kukubali aanze kazi bila mpinzani. Halafu akaangua kile kicheko chake tulichokikosa mwaka mzima. Binti alicheka huku analia. Mimi nililia tu.

Komredi, asante kwa kutufundisha kuulizwa. Tunakuombea afya njema, mapumziko matamu na wajukuu wabishi. Na muhula ukifunguliwa, mheshimiwa mpinzani, usichelewe darasani.