Wasifu wa Maige Masalu, Aliyetazama Ligi ya Uturuki Akiwa Amesimama

Baba Paroko, mwenyekiti wetu wa kijiji, majirani wa Rwamgasa, na ninyi mlioamkia barabarani kutoka Ngokolo na Nyasubi: mwadila. Naitwa Limi, dada yake marehemu, tumbo moja. Nimeombwa nisome polepole na nisilie. La polepole nitajaribu.

Marehemu Maige Masalu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1970, Ngokolo, Shinyanga mjini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Masalu, ambaye ametutangulia, na mama yetu Philomena, huyu aliyekaa hapa mbele. Mama anasema mkunga alikuwa bado ananawa mikono, mtoto keshatoka. Alianza kutembea mapema, akaangukia jiko la mkaa, akainuka, akaendelea na safari yake. Lile kovu mlikuwa mnaliona kila akimpungia mtu mkono. Hakuwa mtu wa kutulia, na leo msitegemee nimpambe kwa utulivu ambao hakuwa nao.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ngokolo kuanzia mwaka 1978 hadi 1984. Mwalimu wake wa darasa la tatu alichoka kumwambia, "Maige, kaa," akampa kazi ya kugonga kengele. Kwa kuwa sasa alikuwa na ruhusa ya kutoka nje kila kipindi, akaanza kufaulu hesabu. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Hakulia; alisema amekwisha kukaa vya kutosha.

Mwaka 1991 alikuja hapa Rwamgasa. Alichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, kisha akahamia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na kazi hiyo ina vumbi kuliko zote. Aliifanya mpaka 2009, alipojenga banda la mpira karibu na soko: mabati, mabenchi, televisheni moja. Wengi wenu mmekaa pale. Yeye mwenye banda hakukaa. Alisimama nyuma, upande wa kushoto, mkono kwenye nguzo. Nendeni mkaishike ile nguzo, imekuwa laini mahali pa mkono wake.

Tarehe 18 Julai 1998 alifunga ndoa na wifi yangu Mariana, Mama Nelly. Siku ya harusi padri alimwambia mara mbili asimame mahali pamoja. Mungu aliwajalia watoto watatu, na nyumba iliyojaa kelele. Mama Nelly hakuwahi kulalamika kwamba mume wake hayupo nyumbani. Alilalamika kwamba yupo, na anazunguka.

Sasa nifike Uturuki, maana ndugu yangu huyu hamuwezi kumzika bila Uturuki. Mwaka 2020 kijana wetu wa Taifa Stars alikwenda kuchezea Fenerbahce. Nchi nzima ikawa Fenerbahce. Kijana akaondoka, nchi nzima ikaondoka naye, Maige akabaki. Walipomcheka aliwajibu, "Kwani mgeni akiondoka, nyumba inabomolewa?" Akazidi kuipenda alipogundua kwamba saa ya Uturuki na saa ya Tanzania ni moja. "Hawa ni majirani," alisema, "wanakula chakula cha usiku na sisi." Akanunua jezi ya njano na bluu, akawa anaitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Watu wakamwita Mturuki, naye akaitika.

Mpinzani wake alikuwa Hatibu, muuza vipuri vya karasha, mtu wa Galatasaray. Hatibu ni Mzaramo wa Kisarawe, na Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hachukiwi wala hapigwi, na msibani ana kazi yake. Wawili hao walitukanana kila siku ya mechi, na asiyemwona mwenzake siku mbili alimtumia mtu amwulizie.

Msimu wa 2023/24 ndio uliomhangaisha kuliko yote. Fenerbahce walifungwa mechi moja tu ya ligi, mwezi wa Novemba. Moja, jamani! Na bado Galatasaray walikuwa juu yao. Ukishinda wewe, na mwenzako kashinda. Siku ile ya Novemba Maige alikuwa amekaa, kwa sababu mguu ulimuuma. Basi, ikawa nongwa.

"Baba Nelly, kaa ule," mkewe alimwambia.

"Nikikaa watafungwa tena."

Mwezi wa Desemba mwamuzi alipigwa ngumi uwanjani huko Uturuki, ligi ikasimamishwa wiki nzima. Mama Nelly anasema afadhali njaa kuliko wiki ile. Maige alizunguka uani akimwuliza kila mwenye simu, "Wamerudi?" Wiki hiyo ishikeni, nitaihitaji mbele.

Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua mwaka 2022. Madaktari walisema ni vumbi la mawe, limeganda mapafuni. Wakampa dawa, wakamwambia akae chini apumzike. Dawa alimeza.

Jumapili ya tarehe 19 Mei mwaka huu Fenerbahce waliwafuata Galatasaray nyumbani kwao. Wakatolewa mtu mmoja kwa kadi nyekundu mapema kabisa, na wakiwa pungufu hivyo hivyo wakashinda bao moja kwa bila. Tofauti ikabaki pointi tatu, na mechi moja ya mwisho. Banda zima lilimsikia Maige: "Mtani, kesho asubuhi nakuja dukani kwako. Ole wako ufunge!" Asubuhi alikwenda kweli, jezi mwilini, mwendo wa mbiombio. Pumzi ilimkatikia kwenye kizingiti cha duka. Utani aliokuwa ameuandaa hakuwahi kuutoa. Hatibu ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwenye gari.

Alilazwa hospitali Geita mjini, na mirija ya hewa puani. Daktari akatuonya asistuliwe, tukakubaliana kwamba habari za mpira hazitajwi wodini. Tarehe 26 Mei ligi ikaisha. Sisi hatukumwambia, naye hakutuuliza. Tukadhani amesikia kwa watu na amenuna. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Siku moja kabla alikuwa amemwambia, "Mama Nelly, mnizike na jezi yangu."

Tulipoitafuta jezi, msumari ulikuwa mtupu. Hatibu alikuwa ameingia chumbani mchana kweupe, mbele ya wanawake waliokuwa wanalia, akaichukua akaondoka nayo. Mtani anaruhusiwa, na wafiwa wanakikomboa kitu chao. Tukampelekea jogoo. Akamkataa. Alitaka jambo moja tu: wasifu huu useme, kabla jeneza halijafungwa, nani alichukua ubingwa wa Uturuki.

Enock, mtoto wa pili wa marehemu, alitaka kumpiga. "Baba hajazikwa, wewe unamcheka?" Mimi nilimtukana Hatibu tusi ambalo silirudii, Baba Paroko yupo. Niliumia sana. Niliona mtu ameleta ushabiki mpaka kwenye jeneza.

Mama akasema, "Mwacheni aseme sababu."

Hatibu akalia, mtu mzima na mvi zake. Akatueleza kwamba Jumatatu ya tarehe 27 Mei alikwenda kumwona mgonjwa, na jezi yake ya Galatasaray ilikuwa chini ya koti. Mama Nelly alikuwa ametoka kufuata dawa. Maige akamshika mkono akamwuliza, "Mtani, nani bingwa?" Msimu mzima Hatibu alikuwa anaisubiri siku hiyo. Alimtazama kifua kinavyopanda na kushuka, akafunga vifungo vya koti, akasema, "Ligi imesimamishwa tena. Wamempiga mwamuzi."

Maige akacheka mpaka akakohoa. "Waturuki hawa! Haya, nitasubiri."

Basi ndugu yangu aliondoka akiwa anasubiri. "Nilimdanganya mtani wangu," Hatibu alituambia. "Mtani anachekwa, hadanganywi. Mdomo wangu hauwezi kurudi pale kumwambia. Mwambieni ninyi wenye damu, asije akafika huko akawa anazunguka, anauliza kama wamerudi."

Enock alitoka nje. Aliporudi alimletea Hatibu kiti, na Mama akaniambia, "Limi, andika."

Marehemu ameacha mama mzazi, Philomena, mjane, Mariana, watoto watatu, Nelly, Enock na Davis, wajukuu wawili, mimi dada yake, mtani wake Hatibu, ambaye nimemweka humu na atakayeuliza aniulize mimi, na banda moja la mpira. Wote mliomhudumia na mnaomlilia, wabeja sana.

Maige, kaka yangu, sikia. Mwamuzi hakupigwa. Hatibu alikudanganya kwa sababu anakupenda. Ligi ilikwisha tarehe 26 Mei. Ninyi mlishinda mechi yenu, mabao sita kwa bila. Nao walishinda yao. Wao wana pointi mia moja na mbili, ninyi tisini na tisa. Bingwa ni Galatasaray.

Haya Hatibu, nimesema. Simama, mtandikie jezi yake kifuani wewe mwenyewe.

Na wewe kaka, mpira umekwisha. Hakuna mechi nyingine. Kaa chini sasa, upumzike.