Nusu, Mtu Aliyelala Njia Panda

Ndugu zetu mliokuja kumsindikiza, huyu tunayemzika ndiye mliyezoea kumwita Nusu. Alizaliwa tarehe 3 Mei 1962, kitinda mimba wa nyumba yetu. Mama alifariki yeye akiwa na miezi mitano. Baba alikuwa dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Mimi dada yake nilikuwa darasa la pili. Nikaacha shule, nikamfunga mgongoni, na sikumshusha mpaka alipojua kukimbia.

Shule ya msingi alianza mwaka 1970 na kumaliza 1976. Hesabu zilimshinda, lakini watu hawakumshinda. Mwaka wa mwisho kwaya yao ilikuwa haipati wasikilizaji, akatangaza mtaani kwamba mwalimu mkuu atacheza ngoma. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwalimu mkuu akacheza kweli, maana angefanyaje, kisha akamchapa viboko viwili.

Kazi yake ilikuwa kuwaitia watu wateja wa biashara zao. Alianza na kipaza sauti juu ya baiskeli. Mwaka 1988 kinyozi mmoja alikuwa anakaa peke yake siku nzima na viti vyake. Marehemu akanyolewa kwake nusu ya kichwa, akazunguka mji wiki nzima hivyo hivyo.

Nikamuuliza, "Umepigana na nani wewe?"

"Sijapigana na mtu, dada. Jumamosi nanyolewa upande wa pili. Hakuna atakayekosa kuja kuona."

Hakukosa mtu. Foleni ilifika barabarani, na jina la Nusu likamganda tangu siku hiyo.

Tarehe 2 Desemba 1989 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani. Bibi harusi alitoa sharti moja tu: siku hiyo kichwa kiwe kizima. Walijaliwa watoto watatu. Hakuwahi kuinua mkono wala sauti nyumbani; sauti yake yote aliimaliza kazini.

Simu za kurekodi video zilipokuja, akasema kipaza sauti kimepata mjukuu. Jumamosi tarehe 13 Juni 2015 alitandika godoro njia panda, mbele ya duka la magodoro, akalala. Malori yanapiga honi, yeye kimya. Bango lilisimama kichwani kwake, lenye jina la duka na maneno ya kueleza kwamba ni usingizi tu. Binti yake alikuwa ng'ambo ya barabara anarekodi video.

Mimi natoka sokoni, naona watu wamezunguka mtu amelala chali. Naona shati ni la ndugu yangu. Nikakimbia; kiatu changu kimoja kilibaki njiani, sijui wapi. Nikapiga yowe.

"Mama, soma bango!" wakasema.

"Bango la nini na mtoto wangu amekufa!"

Nikamtikisa, nikamzaba kofi. Akafungua jicho moja. "Dada, bado nusu saa."

Umati ukaangua kicheko. Mimi nilisikia kitu kimoja tu: wananicheka kwa sababu sijui kusoma. Video ikaenda kila mahali, hata watu wa mbali wakawa wananisalimu. Nikamnunia. Kwake nilikwenda kwenye ugonjwa na msiba, nikakaa, nikala, lakini sikumtazama. Kwa hasira hizo nikajiandikisha darasa la watu wazima. Kila mwaka aliniomba tuitazame ile video pamoja, nami kila mwaka nikamjibu, "Waonyeshe walionicheka."

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Mwezi Agosti mwaka huu akalazwa, kitanda cha karibu na dirisha. Siku moja akaniomba tena, sauti imekuwa nyembamba kama uzi. Nikamwambia binti yake, washa.

Nikajiona nakimbia na kiatu kimoja. Nikajiona nimemkumbatia kichwa. Nikangoja bango. Halikuonekana. Aliyesema "soma" hakusikika.

"Bango liko wapi?"

"Nilivikata vipande hivyo, dada. Usiku huo huo, kabla sijaituma."

"Si ndilo lenye jina la duka?"

"Ndilo. Mwenye duka alinifukuza kama mbwa. Baada ya siku tatu akaja kunitafuta mwenyewe, watu wamejaa dukani wanauliza, godoro la yule aliyeamshwa na dada yake ni lipi?"

"Na mimi nikakununia miaka tisa. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema utazame. Dada, punda akikuona anajifunza ubishi." Kisha akasema, "Uliacha shule ukanibeba. Ningekuanikaje?"

Tuliitazama mara nne. Mara ya nne nilicheka.

Alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Nilimwita kama siku ile. Hakufungua jicho.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na dada mmoja ambaye yeye ndiye aliyekuwa mwanawe wa kwanza. Tunawashukuru wauguzi waliomgeuza na kumfuta bila kuchoka.

Bango lile wifi amelikuta nyuma ya kabati. Nimelisoma mwenyewe, polepole, bila kusaidiwa na mtu: AMELALA TU. USIMWAMSHE.

Nimesikia, mdogo wangu. Pumzika kwa amani. Safari hii sikuamshi.