Meno ya Mpuliza Nzumari

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu ya Kwale. Bwana Chifu na wazee wa baraza. Maimamu na mapadri mlioketi benchi moja leo bila ya kupangwa na mtu. Daktari Waziri Alfani, mwalimu wa mafunzo haya. Madaktari wetu mnaohitimu. Wageni mliotoka Mkongani, Lunga Lunga na Mackinnon Road. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi mliofuata harufu ya pilau: assalamu aleikum, na asiyeitikia hiyo, hujambo.

Mimi ni Kibwana Mwero, mwenyekiti wa kamati ya kituo hiki cha meno hapa Msambweni. Nimeombwa niseme kwa ufupi, nami nimekubali, kama ninavyokubali kila mara. Lakini leo mnivumilie, kwa maana nina furaha hata chai ya asubuhi sikuimaliza.

Madaktari hawa wamekaa nasi muda wa miezi mitatu, na jambo walilojifunza ni moja: kumrudishia mtu meno yake ya mbele. Kung'oa tulikwishajua. Hata babu zetu waling'oa, kwa koleo na dua. Lakini kurudisha, nani kati yetu aliwahi kuona? Mtu akipoteza gego, hiyo ni siri yake na mnofu wa nyama. Akipoteza meno ya mbele, ni habari ya mtaa mzima, tena huitangaza yeye mwenyewe kila anapofungua kinywa. Wazee walisema kinywa ni jumba la maneno. Basi mimi naongeza kwamba meno ya mbele ndiyo mlango wa jumba hilo, na nani atakaa kwa raha katika nyumba isiyokuwa na mlango?

Mwenzangu mmoja ameishi hivyo miaka minne. Yuko pale, mstari wa pili, kanzu ya kahawia, kando ya mkewe Bi. Mbeyu. Chengo, usiiname. Leo si siku ya kuinama.

Wageni hamumjui, kwa hiyo nitawaambia. Chengo ndiye mpuliza nzumari wa kikundi chetu cha ngoma ya sengenya, nami ndiye mpiga chapuo wake tangu tungali vijana. Siku ya Uhuru, Desemba ya mwaka wa sitini na tatu, tulikuwa uwanjani tangu asubuhi. Bendera yetu ilipopanda, Chengo akaipuliza nzumari mpaka mama wazima wakavua viatu wakacheza. Ndipo bwana mmoja, simtaji kwa kuwa yumo humu na amevaa shati jeupe, akaruka kwa furaha, na kichwa chake kikaipiga nzumari ikiwa ingali kinywani mwa mwenyewe. Uhuru ukaingia, meno manne yakatoka.

Tulicheka jamani, kwa nini tusiseme kweli? Chengo pia alicheka siku ile, damu zikimtoka. Kicheko kilikwisha alipojaribu kupuliza tena. Mdomo wa juu ulibonyea ndani, hauna pa kuegemea, na upepo wote ukavuja pembeni. Tangu hapo nzumari ikatundikwa juu ya mlango. Harusi zetu zikachezwa kwa santuri. Tulimwazima mpulizaji kutoka ng'ambo ya Lunga Lunga, hodari kweli, lakini alipuliza za kwao. Na Chengo, mtu wa mizaha, akawa anazungumza kiganja kikiwa mdomoni. Bi. Mbeyu aliniambia siku moja, "Shemeji, mume wangu ni mzima, lakini hayumo nyumbani."

Mafunzo haya yalipofunguliwa, kila daktari alipewa mgonjwa mmoja wa kumtengenezea meno, na Chengo akaangukia kwa Daktari Mangi. Simama, Daktari, uonekane. Huyu ni kijana wa Mackinnon Road, mkimya, ukimsalimu hujibu kisha hufikiri kama amejibu sawasawa. Alichukua chapa ya kinywa kwa plasta, ule unga unaokorogwa maji ukaganda, akachonga, akasugua, akaleta meno manne juu ya kibamba chepesi cha rangi ya ufizi. Tena yalikuwa na mwanya katikati, kwa sababu Bi. Mbeyu alikuja mwenyewe kumwambia, "Mwanangu, mwanya ndio ulionileta kwa mzee huyu. Ukiuziba, nitarudi kwetu." Chengo akayavaa, akala muhogo wa kuchoma, akataja majina ya wajukuu wake wote bila ya kukwama. Daktari Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sote tukaridhika.

Jioni ile tukakusanyika hapo nyuma ya jengo. Nzumari ikashushwa. Nimeketi ubavuni mwake kwenye benchi, chapuo kwapani, moyo unanidunda kuliko ngoma yenyewe. Chengo akajaza mashavu, akapuliza. Sauti ya kwanza ikatoka, tamu, ile ile. Mnajua mpuliza nzumari hapumziki. Huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma upepo. Basi alipovuta pumzi ya pili, mashavu yakakisukuma na kile kibamba. Meno yakachomoka pamoja na domo la nzumari, yakaruka, yakatua hapa, mapajani mwangu. Nikayatazama, nayo yakanitazama.

Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Nami nilicheka, mpaka nilipomwona Chengo. Alirudisha kiganja mdomoni, akainuka, akaenda zake bila ya kuaga. Nzumari aliiacha chini mchangani. Mtu aliyeilea nzumari ile kama mtoto wa kuzaa, akaiacha mchangani.

Sasa sikilizeni, madaktari, kwa maana hapa ndipo penye mafunzo. Daktari Waziri alimwita Mangi akamwambia kwa upole, "Kwa kula yanafaa, kwa kusema yanafaa. Mimi nimekupitisha." Nani kati yenu angekataa? Amepita, cheti kipo, safari ya kurudi kwao ni fupi. Mangi akamjibu, "Mwalimu, mzee huyu hakuja ili ale."

Mheshimiwa, maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na mpaka leo yananisisimua mwili.

Kijana akaiokota nzumari, akaifuta mchanga, akaipeleka kwa mwenyewe. Chengo hakufungua mlango. Bi. Mbeyu alifungua. Mangi akaja kesho yake, na kesho kutwa, akikaa barazani akinywa uji wa watu, mpaka mzee akatoka kwa kuchoka kumsikia akisema shikamoo dirishani. "Unataka nini kwangu, kijana? Niyaangushe meno tena?" Akamwambia, "Nataka unioneshe kazi yako, baba. Mwanzo sikukuuliza." Basi Chengo akapuliza, ingawa hakikutoka ila upepo, na daktari akaweka vidole mashavuni mwake, huku na huku, akiyasikia yanavyofura na yanavyosukuma.

Akarudi mbio na jambo ambalo hata Daktari Waziri, aliyesoma Bombay akasifiwa, alisema hakuliona kitabuni. Tulichukua chapa ya kinywa kilichonyamaza, alisema Mangi, na kinywa hiki kazi yake ni kupuliza. Akamrudisha mzee kwenye kiti, akamtia plasta kinywani, akamwambia apulize hivyo hivyo, mashavu yamefura, mpaka plasta ishike. Watu walijaa madirishani. Kisha akakipunguza kibamba pale mashavu yanaposukuma, akakiongeza pale panapotulia, akakifunga kwa waya kwenye magego mawili. Akamkataza mzee asipulize mpaka ufizi uzoee.

Wengi mmeuliza kwa nini wenzake wote wamepokea vyeti na kimoja kimebaki mezani. Ni cha Mangi. Amekikataa yeye mwenyewe. Amesema hatakigusa mpaka Chengo apulize wimbo mzima, mbele ya watu wale wale waliocheka. Na Chengo, ambaye tangu afungiwe meno haya hajaliweka domo la nzumari kinywani, amekubali. Ndiyo maana nasema nina furaha, na ndiyo maana chai sikuimaliza.

Madaktari, mtakapofika vituoni kwenu, msimuulize mgonjwa panapouma tu. Muulizeni kazi yake ni nini. Muuza samaki huita wateja, mwalimu wa chuo cha Kurani husomesha herufi, mshonaji hukata uzi kwa meno. Mkiwarudishia kinywa cha kutazamwa kwenye kioo peke yake, mmewapa nusu.

Basi yatosha. Mheshimiwa, niwie radhi, nalivua koti. Nipeni chapuo yangu. Naketi benchi lile lile, ubavu ule ule, na mapaja yangu ni haya. Bwana wa shati jeupe, wewe kaa hapo hapo ulipo, usiruke. Chengo, ndugu yangu, ondoa kiganja mdomoni. Puliza.

Ahsante, Chengo. Ahsante sana. Nipeni nafasi nifute macho, mtu mzima mimi.

Mmesikia wenyewe, tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho, na ile pumzi ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Nimewaona akina mama wamevua viatu. Nimemwona Bwana Mkuu wa Wilaya akitikisa mabega, na asikatae. Nilikuwa na maneno mengine hapa kuhusu paa na tangi la maji, lakini nani atanisikia sasa? Hata mimi sitajisikia.

Bi. Mbeyu, mzee wako amerudi nyumbani, mpokee. Daktari Waziri, tafadhali mpe kijana cheti chake, naye safari hii akipokee kwa mikono miwili. Nanyi nyote mlionitegea masikio tangu asubuhi, nawashukuru kwa moyo wangu wote, Mungu awalipe heri. Nainuka sasa, nanyi muwe mashahidi: mapajani mwangu hamna kitu.