Mzee Wabuge na Shuka za Mwezi wa Julai

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Mzee Lawrence Wabuge anazima pasi yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu ya kanisa hapa Eldoret. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu. Sababu nyingine ninayo mwenyewe, na nitaisema humu humu kabla moyo haujanigeuka.

Mzee alifika mwaka wa 1991 kutoka Kimilili, kijana wa miaka ishirini na sita, akaanza kwa kufua kwa mikono. Leo ana mashine tatu na vijana watano chini yake, lakini magauni ya manesi bado hupiga pasi mwenyewe. Anadai vijana wa siku hizi hupiga pasi kama watu wanaokimbizwa. Huimba nyimbo za kanisa akiwa kazini, tena kwa sauti mbaya kweli kweli. Wagonjwa wa wodi ya wanaume waliwahi kuomba dirisha lake lifungwe. Alilifunga, akaongeza sauti.

Mwaka wa 2016 alichaguliwa mfanyakazi bora. Zawadi ilikuwa mtamba wa Friesian, sadaka ya mkulima mmoja wa Kesses. Sasa jamani, Mzee alikuwa anaishi chumba kimoja pale mtaa wa Pioneer! Mimi Jerop, nesi msimamizi wa wodi ya praiveti, nina nyasi, nina boma, nimezaliwa katikati ya ng'ombe, na nilikuwa na hakika mtamba ni wangu. Nilipiga makofi na wenzangu huku roho inaniuma. Niliona ni aibu mtu wa sabuni kunipita mimi na diploma yangu. Na wakati huo nilikuwa shemasi kanisani, wala sikuona shida yoyote.

Julai ikaja na mvua yake. Wiki nzima shuka hazikukauka. Kwa utaratibu wa siku hizo, nafasi ya karibu na boila, penye joto, ilikuwa ya shuka mpya za praiveti, na zile zenye viraka za wodi ya kawaida zilisubiri jua. Asubuhi moja Mzee akakuta watoto wachanga wanne wa wodi ya kawaida wamelazwa kwenye shuka mbichi. Akabeba shuka zetu zote kavu, akawapelekea wao na mama zao. Sisi tuliletewa zenye viraka jioni, baada ya kukaushwa karibu na boila.

Nikaandika barua kwa wakubwa, bila jina, nikisema dobi anaiba shuka za wagonjwa wanaolipa. Kuiba! Nilijua wazi hakuiba. Mzee alikuwa na watoto watatu shuleni, na kamati ya nidhamu ilipoitwa, kila mtu alijua kazi inaondoka.

Nilikuwa mle ndani kama msimamizi wa wodi. Alipoulizwa alisema tu, "Wakubwa, mtoto aliyezaliwa jana hajui wodi. Anajua baridi." Kisha akaletwa kwa kiti cha magurudumu mwanariadha mmoja wa Kaptagat, mgonjwa wetu wa praiveti, aeleze jinsi alivyoteseka. Akasema alilala fofofo, na kama shuka yake ilimpa mtoto joto, basi ibaki huko huko. Mzee alipewa onyo, akabaki kazini, na mwaka uliofuata hospitali ikanunua shuka za aina moja kwa vitanda vyote. Lakini neno lile halikufa. Mpaka leo kuna wanaomwita "mwizi wa shuka", ati ni utani.

Miaka tisa huyu mtu amenikabidhi gauni langu likiwa limenyooka, akaniuliza kama watoto hawajambo. Wiki jana nilishindwa. Nikamwendea, nikamwambia barua ile ilikuwa yangu. Hakushangaa hata kidogo. Alijua tangu siku ya kamati, barua ilipowekwa mezani, kwa mwandiko, maana mifuko yote ya nguo chafu za praiveti niliiandika mimi. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Akakiri kwamba mwezi mzima baada ya kamati, kila akiweka pasi juu ya gauni langu, alimwomba Mungu amzuie asiiache hapo hapo gauni liungue! Akakiri pia kwamba alinionea wivu, jinsi wakubwa walivyonisalimu kwa jina na yeye wakamwita dobi tu.

Tuliomba pamoja katikati ya ndoo. Nilidhani ataniombea mimi msamaha. Aliomba wa sisi wote wawili, pasipo kunitanguliza wala kuniacha nyuma, na akasisitiza niandike hivyo: kwamba mbele za Mungu nesi na dobi walisimama mstari mmoja, wote wakihitaji rehema ile ile.

Mzee Lawrence, asante sana. Mungu akufikishe salama nyumbani kwa mkeo, Mama Tryphosa, akupe afya, raha na miaka mingi ya kulala hadi jua liwake. Wewe umenisamehe, lakini kuna jambo ambalo ni mimi tu ninayeweza kulisema, na ninalisema mbele ya hospitali nzima: hukuiba hata shuka moja. Nilidanganya. Maisha mema, Mzee wangu.

Diana Jerop, nesi msimamizi