Arobaini Chini ya Sifuri

Nyuma ya duka la dobi pale Rashidiya, ukishavuka uwanja wa kuegesha magari, kuna benchi la mbao ambalo hakuna anayejua liliwekwa na nani, na Waswahili wa pande zote wameligeuza kijiwe chao. Januari jua la Dubai huwa limepoa, kaupepo kana ubaridi kidogo, na wanakijiwe hujifunika masweta utadhani wako Limuru. Kahawa humiminwa na Mzee Wahid, mpishi mstaafu kutoka Unguja, ambaye kwa sababu ya birika lake la Kiarabu anaitwa Mzee Dalla. Kushoto kwake hukaa Boaz wa Kakamega, mlinzi wa jengo moja kule mtaa wa JVC, jina la kijiweni Geti. Kulia hukaa Aloysius wa Bukoba, fundi wa viyoyozi, wao humwita Gesi. Na mwisho wa benchi, mguu mmoja nje kama mtu anayetaka kuondoka, hukaa Badawi wa Malindi, dereva wa rikavari, lile gari la kuvuta magari mabovu. Huyo ndiye Winchi.

Alasiri ile Badawi alikuwa na jambo lake moyoni. Rafiki yake Hashir, aliyefanya naye kazi ya rikavari kwa miaka, aliondoka kabla ya baridi kuanza, akamwacha mkewe Rukiya hapa Dubai, akaenda kaskazini ya Kanada kuendesha malori. Alipofika tu akamtafutia Badawi nafasi. Viza imetoka, na kampuni ya kule inataka jibu kabla wiki haijaisha. Kafeel wake, mwajiri anayemdhamini hapa, hajui. Mkewe Malindi anajua nusu. Kijiwe kinajua yote.

Hashir alikuwa na desturi ya kumtumia Badawi ujumbe wa sauti, na Badawi alikuwa na desturi ya kutoufungua mpaka afike kijiweni, kama mtu anayelihifadhi gazeti alisome na wenzake. Wiki hii kazi ilimpeleka Fujairah, na jumbe tatu zilikuwa zimelimbikizana. Aliiweka simu katikati ya benchi, akabonyeza ya kwanza.

"Wanakijiwe, salaam aleikum," ilisema sauti ya Hashir, ya uchangamfu. "Leo ni arobaini chini ya sifuri. Geti, uliniuliza magari huku yanaamkaje asubuhi. Hayaamki, ndugu yangu, kwa sababu hayalali. Ukilizima gari usiku bila kulichomeka kwenye umeme, asubuhi oili imekuwa nta na betri imekufa. Kila gari lina waya unaning'inia puani, unauchomeka ukutani, injini ipate joto. Hata hivyo ukiondoka, mwanzoni matairi yanapiga du, du, du, maana upande uliolalia chini umeganda bapa. Kiti kigumu kama kaunta. Juzi nimevuta kitasa cha mlango, kikanibaki mkononi."

Badawi alijisikia kusisimka. Maiti za magari alizijua, lakini zote zilikuwa za joto: radieta zilizochemka barabara ya Sharjah, matairi yaliyopasuka Julai, betri zilizoiva kama mayai. Hakuwahi kufikiri kwamba gari nalo linaweza kufa kwa kukosa joto.

— Hapo ametupiga fiksi, alisema Boaz. Gari ya dizeli inachajiwa na stima?

— Haichajiwi, Geti. Inapashwa moto, Badawi akamjibu.

— Kinachopashwa moto ni chai, buda.

Aloysius aliweka kikombe chini. Kwa mambo ya baridi huwa hakubali kushindwa.

— Nisikilizeni mimi, maana baridi ndiyo inayonilisha. Friza ya nyama kule sokoni tunaiweka kumi na nane chini ya sifuri. Arobaini maana yake ng'ombe mzima ungemwingiza kwenye friza apate joto.

Kila mmoja akamfikiria yule ng'ombe.

— Ndiyo wahenga wakasema, maji yakimwagika hayazoleki, alisema Mzee Wahid. Kule yanazoleka. Waokota vipande.

— Mzee Dalla, methali hiyo haiendi hivyo, alisema Aloysius.

— Hiyo ilitungwa Unguja, mwanangu. Haikuwahi kusafiri.

— Basi na mafuta pia yanaganda, Boaz akadakia. Unaenda petroli stesheni unakatiwa kipande, kama sabuni ya mche.

— Tena watu huyaacha magari yakinguruma nje ya maduka, funguo ndani, alisema Aloysius. Hashir alituambia mwezi uliopita. Nikajiuliza wezi wako wapi. Sasa nimeelewa. Mwizi akishika mlango, mkono unagandia pale pale. Polisi anamaliza chai yake kwanza, ndipo anakuja kumbandua.

Walicheka sana kwa hilo la mwizi, hata Badawi alicheka, na Mzee Wahid akawaongezea kahawa. Badawi akabonyeza ujumbe wa pili.

"Sasa niwaambie kazi yenyewe," alisema Hashir. Nyuma yake injini ilikuwa ikivuma. "Tunapeleka mafuta na vyakula migodini. Barabara ya kwenda huko ipo wakati wa baridi tu. Kiangazi haipo, kwa sababu ni ziwa. Tunapita juu ya ziwa, na malori yaliyojaa. Mwendo wetu ni wa baiskeli, maana ukikimbia maji yaliyo chini yanapiga wimbi na barafu mbele yako inapasuka. Naisikia inalia chini yangu kama mbao za kitanda kikuukuu. Mkanda hatufungi. Kuna wengine mlango hawaufungi kabisa, ili mambo yakiharibika wapate pa kurukia. Nimeanza kuzoea. Winchi, utazoea."

Safari hii hakuna aliyecheka. Aloysius alisimama, akakaa tena.

— Mimi nimezaliwa kando ya ziwa, alisema taratibu. Ziwa lina samaki. Ziwa lina kina. Sasa hao samaki wako wapi?

— Chini ya lori, alisema Boaz.

— Wanaliona?

— Wataachaje kuliona, Gesi? Limewazibia jua.

— Hapa mtu asipofunga mkanda kamera inampiga, Boaz akaendelea, akitikisa kichwa. Kule ukiufunga ndiyo unaenda nao chini. Manze, hiyo ni sheria ya wapi?

— Chombo cha kuzama hakina usukani, alisema Mzee Wahid.

Badawi akamgeukia.

— Mzee, hiyo ndiyo ya kumwambia mtu anayetaka kwenda huko?

— Nakutia moyo. Lori lake si lina usukani? Basi halizami.

Badawi hakutiwa moyo. Kuna kitu kilikuwa kinamkera tangu ujumbe uanze, na sasa alikijua. Ilikuwa kazi yake mwenyewe inayomuuliza swali.

— Niambieni kitu kimoja, alisema. Lori likizimika katikati ya ziwa, rikavari inakujaje? Barafu inayobeba lori moja, ukiiongezea la pili ubavuni, si nyote mnakwenda chini?

— Wanaleta helikopta, alisema Boaz.

— Helikopta gani inyanyue tenka la mafuta? Aloysius akamkatiza. Wanaliacha. Kiangazi kikifika linashuka lenyewe. Mimi nakwambia chini ya lile ziwa kuna yadi nzima ya malori, kama zile za Sharjah.

— Wanavuta kwa mbwa, alisema Mzee Wahid. Nimewaona kwenye televisheni.

— Mbwa wangapi kwa lori zima, Mzee?

— Mbwa wa kijiji kizima. Na wenyewe nyuma wanasukuma.

Badawi alikuwa ameshabonyeza ujumbe wa tatu. Sauti iliyotoka haikuwa na injini nyuma yake. Kulikuwa na kimya, na mbali kitu kikilia pi, pi, kama mashine.

"Winchi," alisema Hashir. "Hii usiisikilize mbele za watu."

Badawi akanyoosha mkono kuichukua simu, kisha mkono ukamsimama njiani. Wote walikuwa wameshasikia. Akauacha ujumbe uendelee.

"Dizeli iliniganda ziwani. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Hita ikafa nayo. Unajua mimi nawe tulivyozoea, gari likizima unashuka unaangalia. Nikashuka. Glavu za huku ni nene, huwezi kushika kitu kidogo nazo, nikavua ya kulia nifungue filta. Mara moja tu, nikajua nitairudisha. Chuma kikanishika, Winchi. Nilipouvuta mkono, ngozi ilibaki pale. Hata haikuuma, ndilo lililoniogopesha. Nilirudi ndani nikakaa, pumzi yangu ikawa inaganda kwenye kioo, kwa ndani, mpaka nikawa sioni nje. Lori la nyuma lilinikuta nimeanza kusinzia. Dereva alinipiga makofi mpaka nikaamka. Sasa niko hospitali. Vidole viwili vimekuwa vyeusi, na daktari anasema hawakati leo, wanangoja waone weusi utaishia wapi. Rukiya usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikipata maneno. Na wewe, sikwambii uje, wala sikwambii usije. Nimeona tu ujue kabla hujajibu."

Pi, pi, ikasikika tena, kisha simu ikanyamaza.

Kwenye uwanja wa magari mtu aliwasha gari lake, likawaka mara moja, likaondoka. Badawi alilifuata kwa macho kama kitu asichowahi kukiona. Hashir alikuwa mtu wa mikono. Aliweza kufunga mnyororo wa rikavari huku anaongea na simu, bila kutazama.

— Na lori? Boaz aliuliza baadaye. Lilitolewa?

Mara mwenyewe akaona haya kuwa ameuliza hilo kwanza.

— Nilisema ile habari ya mwizi, Aloysius alinong'ona. Mkono kugandia. Nilicheka.

— Tulicheka sote, alisema Badawi.

Mzee Wahid alikuwa ameshika birika, kalisahau hewani. Ndipo waliposikia viatu vya kike vikija upande wa dobi, wakageuka.

Alikuwa Rukiya, mke wa Hashir, katoka kazini Freezone, kitambulisho cha ofisi bado shingoni juu ya buibui. Wote walimfahamu kwa sura, lakini kijiweni hakuwahi kufika. Huwa anamsalimia Badawi kwa mbali akipita kwenda metro. Leo alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi.

— Salaam aleikum.

— Waaleikum salaam, shemeji, alijibu Badawi. Karibu.

— Sikai. N'nakuletea hii, kama safari iko. Ni achari na sweta. Hashir asema chakula cha huko hakina ladha. Akamkabidhi mfuko, kisha akasita. Shemeji, tangu juzi hanipokelei simu. Aniandikia tu, eti mtandao mbaya. Na kuandika kwenyewe kumebadilika, herufi zaruka ruka kama za mtoto. Wewe akutumia sauti. Hajambo lakini?

Hilo ni swali ambalo Waswahili huulizana kutwa mara ngapi, na jibu lake ni lile lile moja, hata kwa mtu aliye taabani: hajambo. Hugharimu pumzi moja tu. Badawi alilitafuta neno hilo mdomoni akalikosa. Boaz akatazama viatu vyake. Aloysius akaanza kukunja kipande cha karatasi. Mzee Wahid, ambaye kwa miaka yote hakukosa la kusema, alifumbua mdomo, methali haikuja, akaufumba.

— N'meuliza tu kama hajambo, alisema Rukiya. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Badawi alisimama. Alifikiria maneno ya rafiki yake, usimwambie, na akafikiria kioo kilichoganda kwa ndani mpaka mtu haoni nje. Akaichukua simu kutoka benchini, akaurudisha ujumbe wa tatu mwanzo, akampa.

— Kaa kwanza, shemeji.

Hakukaa. Aliweka simu sikioni, akasikiliza akiwa amesimama, uso ameuelekeza ukutani kwa dobi. Wanaume wanne walitazama kila mahali isipokuwa alipo. Ujumbe ulipokwisha, Rukiya hakulia. Bila kuomba ruhusa, akapiga simu ya picha kwa namba ile ile.

Ikapokelewa haraka, kabla picha haijatokea.

— Winchi, umeamua? ikauliza sauti ya Hashir, ndogo, ya mbali.

— Si Winchi, alisema Rukiya, na hapo ndipo alipoketi kwenye benchi mahali pa Badawi. Ni mimi. N'onyeshe mkono.